Cheche na Matone ya Ganzi

Ndugu zangu, mimi ni fundi mbao. Shule niliacha mapema, kwa hiyo nitasema wazi bila kupamba.

Asubuhi karakana yetu huwa na utulivu wake. Mimi napiga randa upande huu, katikati kuna ukuta wa mabati, na upande wa pili jirani yangu anachomelea mageti na madirisha. Tunamwita Cheche. Mkewe hupaka rangi na kupokea wateja. Wanataniana kutwa nzima, na kazi yao inasifiwa.

Shida ilianzia kwenye kushikiza. Kabla ya kuchomelea kabisa, fundi hushikiza vyuma kwa nukta ndogo ndogo ili visicheze. Mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umeshika koleo la umeme, na kinga ya uso haina wa kuishusha. Basi Cheche alikuwa anafumba macho, anagusa, anafumbua. Ukimwambia avae kinga, anacheka.

"Hiyo ndoo wavae wanaojifunza. Mimi kope zangu zinatosha."

Hazikutosha kuzuia mwanga mkali wa ule moto. Kila jioni macho yalimwasha kama yametiwa mchanga. Mwenye duka la dawa akamuuzia kichupa cha matone. Tone moja kila jicho, maumivu yanakatika papo hapo, anarudi kwenye moto. Ikafika mahali anajitilia matone kati ya dirisha na dirisha, kama anayetia mafuta kwenye bawaba.

"Baba, nenda ukapimwe," mkewe alimwambia. "Hayo matone hayakutibu, yanakunyamazisha tu."

"Mgonjwa ni aliyelala, mke wangu. Mimi nimelala?"

"Unasubiri ulale ndipo uende?"

"Daktari atanipa mapumziko. Huyu wa dukani ananirudisha kazini."

Hebu yapimeni maneno hayo. Ni wangapi kati yetu hatujayasema?

Siku moja mteja alikuja kuchukua geti lake. Akalizunguka, akashika kiuno.

"Fundi, komeo umeliweka nje. Geti hili la kumfungia nani, mwizi au mimi?"

Tulicheka sote, isipokuwa Cheche. Alikuwa analipapasa lile komeo kwa vidole. Mkewe alimwona. Akaweka brashi chini, akaenda ukutani, akazima umeme wa mashine.

"Washa, mteja anasubiri."

"Atasubiri. Niambie, nimevaa kitenge cha rangi gani?"

Cheche akamkodolea macho mekundu. "Kile... kile cha kila siku."

"Shemeji," mkewe akaniita, "mshike mkono wa pili. Tunakwenda hospitali, atake asitake."

Alibisha njia nzima, lakini hatukumwachia.

Daktari wa macho, mama mmoja mpole, alikisoma kile kichupa, akakiweka mbali.

"Hii ni ganzi," alisema. "Sisi huitumia hapa kidogo tu, wakati wa kumhudumia mtu. Ukijitilia kila siku inakula ngozi ya mbele ya jicho, nawe husikii kitu. Jicho la kushoto tutalipigania. La kulia umechelewa."

Walilipigania na likapona. La kulia limebaki na kovu jeupe, linaona mwanga tu.

Cheche amerudi kazini, lakini swichi iko mikononi mwa mkewe. Bila kinga, hakuna umeme. Vyuma anavibana kwanza kwa jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, mkono mmoja unabaki huru kushusha kinga. Kumbe mkono wa tatu ulikuwa unauzwa duka la vifaa siku zote.

Mafunzo

Nilikwenda kwa yule mwenye duka kumuuliza. Akaniambia, "Mimi nauza wanachoomba." Nilimgombeza, lakini ni kweli tunaomba. Tunataka maumivu yaishe leo, kinachoyaleta tutakijua mbele ya safari.

Kinga ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Hakuna anayempongeza mtu kwa jicho ambalo halikuumia. Hata hivyo, jikingeni. Kapimeni macho, kapimeni presha, mkiwa bado mnatembea kwa miguu yenu. Ukipewa dawa uliza: hii inatibu, au inanizuia nisisikie? Ukikosa jibu, usiinunue. Na wewe uliye na mtu mbishi nyumbani, acha kumbembeleza. Zima mashine, mshike mkono, mwende.