Idhini ya Mulki

Umeme ulikatika soko zima la Kismayo pale pale Faisal alipofika mlangoni mwa duka la fotokopi. Akina mama waliokuja kunakili vitambulisho wakaanza kusukumana na kulaumu, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyetangulia.

"Ngojeni jenereta liwashwe," alisema Wardah, mwenye duka. "Au mwataka ninakili kwa mkono?"

Alivaa jilbabu ya zambarau, na kidole chake kimoja kilikuwa na doa la wino. Uzuri wake haukulijali doa hilo, na Faisal naye hakulijali. Wardah akaipokea karatasi yake, akaigeuza juu chini, kisha akaigeuza tena.

"Hii ni nini? Mkate uliokanyagwa na kuku?"

"Ni mkataba wa ndoa, dada. Uliandikwa kwenye udongo, huko Iraki, zaidi ya miaka elfu kabla ya Nabii Isa."

"Na huyo mke, bado yuko kwa mumewe?"

Faisal alicheka hadi miwani ikamteleza. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Ngumi, shati limepigwa pasi mpaka likasimama, na kazi yake ilikuwa kusomesha historia chuoni. Akamweleza kwamba anachunguza maisha ya watu wa Taurati, Zaburi na Injili: walioaje, walirithije, walikula nini.

"Mchu mzima wahangaikia ndoa za wachu waliokufa!" alisema Wardah. "Yako iliyo hai i wapi?"

"Labda ndiyo iliyonileta hapa."

Akina mama wakapiga vigelegele. Wardah akajitia kuhangaika na karatasi, na moyo wake haukutulia tena.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Kila jioni Wardah alipanda darini kuanua nguo, akachukua muda mrefu kuliko nguo zenyewe. Dada yake mkubwa, Mulki, alikuwa chini akipika, hakuuliza kitu. Mulki alikuwa amevuka thelathini, mpole, hodari wa jiko, na maposa yalikuwa yakipita mlango wao kwenda nyumba za jirani.

"Leo wafu wako wamefanya nini, roho yangu?" Wardah aliuliza jioni moja.

"Leo ni harusi. Yasemwa katika Taurati kuwa Yaakub, alayhi salaam, alimtaka Raheli, akamtumikia baba yake miaka saba kwa mahari. Bibi harusi akaletwa kafunikwa uso. Kulipokucha, ni Lea, dada mkubwa."

"Astaghfirullah! Baba gani huyo?"

"Baba alijibu kwamba kwao mdogo haolewi kabla ya mkubwa. Akamwambia atimize siku saba za Lea, kisha atampa na Raheli. Siku saba, Wardah! Ni fungate letu hili hili. Desturi za watu wale zafanana na zetu kuliko tudhanivyo."

"Kwetu dada wawili hawaolewi na mume mmoja, bwana. Usinipigie hesabu."

"Mimi, wewe mmoja tu wanitosha, kipenzi. Tena wanishinda."

Wardah akacheka peke yake darini. Hakujua kuwa kicheko hicho kingemgeuka.

Faisal akamtuma ami yake, Jamali, kwenda kuposa. Kijana aliyesoma mikataba ya udongo neno kwa neno, akashikwa na haya mbele ya ami yake. Kulitaja jina la msichana aliona ni utovu wa adabu. Alisema tu, "Binti Ishaq," akainamisha kichwa, akapanda boti kwenda Ngumi kumpa mama yake habari. Jamali hakujua kuwa mabinti wa Ishaq ni wawili. Mzee Ishaq, baba wa Wardah na Mulki, muuza nguo mwenye asili ya kisiwa cha Koyama, naye hakuwaza mara mbili: ni Mulki, maana mkubwa hatanguliwi. Wakasoma Fatiha juu ya jina ambalo hakuna aliyelitamka.

Jioni ile, alipoambiwa ameposwa na Faisal, Mulki alicheka jikoni mpaka akaunguza mandazi. Wardah alimtazama. Akapanda darini, akapiga simu.

"Faisal, umemposa binti Ishaq?"

"Kwa moyo mweupe!" Mtandao wa Ngumi ulikuwa ukikatakata.

"Hongera, shemeji."

Faisal akacheka sana. Huyu Wardah na utani wake! "Ahsante, shemeji. Tutaonana harusini!"

Wardah akaizima simu. Siku zilizofuata hakulala wala hakula vizuri; dukani alinakili karatasi tupu akawapa watu. Alimchukia Faisal, kisha akamtamani, kisha akamwonea haya dada yake. Kumwambia Mulki ni kumnyang'anya furaha. Kunyamaza nako ni kumpa mume wa mtu.

Siku ya ndoa, akina mama walipokuwa wakipokewa sebuleni, Mulki alihitaji simu ya kumwita mpambaji. Akaiwasha ya Wardah, na ujumbe wa sauti ukafunguka wenyewe: "Wardah wangu, haya ya bibi harusi ndiyo yafunge simu? Wacha nikusimulie tena ya Raheli na Lea…" Mulki alisikiliza mpaka mwisho. Akauweka tena, akasikiliza tena. Kisha akairudisha simu mahali pake, akajifunika mtandio.

Wazee wawili wakaja na Jamali nyuma ya pazia kuchukua idhini. "Mulki binti Ishaq, umeridhia kuolewa na Faisal bin Uthman?"

Mwari akinyamaza, kimya chake ni ridhaa. Kila mtu anajua hivyo. Wazee wakasubiri kimya hicho waondoke nacho.

"Sikuridhia," akasema Mulki.

Jamali akakimbilia barazani alipoketi Faisal. "Wewe! Ulimtaka nani?"

"Wardah!" Faisal alisimama, kanzu ikamnasa miguuni. "Kwani nani mwingine?"

Mzee Ishaq akaja mwenyewe kwenye pazia. "Mulki, mkubwa hatanguliwi katika nyumba yangu."

"Aliyepisha hakutanguliwa, baba. Lea hakuulizwa. Mimi nimeulizwa, nami nimejibu. Sasa muulizeni mdogo wangu."

Mzee akajifuta macho kwa ncha ya shuka, akawapa wazee ishara. Wardah alipoulizwa alikuwa akilia, hakutoa neno. Wazee wakataka kuondoka.

"Aseme!" Mulki akawazuia. "Kimya kimeshatutia matatani."

"Nimeridhia," Wardah akasema.

Baada ya ndoa kufungwa, Faisal alipoingizwa ndani kumpa Wardah mkono, alinong'ona, "Ulidhani mimi ningeweza kumwoa mwingine?"

"Nilikuita shemeji, ukacheka!"

"Nilidhani wanitania, mahabuba."

"Siku nyingine litaje jina langu. Lipigie ukelele."

Wardah akataka kucheka, akaona kicheko hakiji. Macho yake yalikuwa mlangoni, yakimtafuta dada yake. Mulki alikuwa jikoni, akiwapakulia wageni pilau, hina ya bibi harusi imemjaa kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko, mpya, nyekundu. Na hina haitoki kwa kuoshwa.