Yowe la Aldith

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Aldith alipita nyumba kwa nyumba katika kijiji cha Thornwick akikusanya kondoo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, fimbo iliyomzidi urefu, na ulimi usiojua kukaa kimya. Kazi ya kuchunga ilikuwa ya zamu, na mwezi ule wa kukata manyoya ulipokaribia, zamu ilikuwa yake. Watu walimwamini, naye alijua kwamba anaaminiwa, tena alijua mno.

"Mwangalie sana huyu mwenye doa jeusi," alisema Mjane Gunnild akifungua zizi. "Huyu ndiye blanketi langu la majira ya baridi, ndiye jibini langu, ndiye kila kitu."

"Usijali, bibi. Akipotea, nikamate mimi."

"Nikukamate nikufanyie nini? Wewe una manyoya?"

Aldith alicheka, akawaswaga kondoo hadi malishoni. Malisho ya Thornwick yalikuwa mazuri, ila upande mmoja yalipakana na bwawa la tope jeusi, na upande wa pili msitu. Sheria ya mchungaji ilikuwa fupi: simama kati ya kondoo na tope, usibanduke. Hata mtoto wa miaka mitano aliijua.

Siku hiyo, jua lilipopanda, rafiki yake Hawise alitokea msituni na kikapu, midomo yake myekundu.

"Stroberi zimeiva kule ndani," alisema. "Zimejaa tele! Njoo."

"Na kondoo?"

"Wana miguu minne na macho mawili kila mmoja. Watajichunga. Mara moja tu, Aldith, usiwe mwoga."

Hiyo "mara moja tu" imewaponza wengi. Walikula stroberi mpaka matumbo yakauma, wakafukuzana kati ya miti, na Aldith alipotoka msituni kivuli cha fimbo yake kilikuwa kimekwisha kuelekea upande mwingine. Hawise alikuwa ameshakwenda zake nyumbani kwa njia ya mkato. Aldith alihesabu kondoo. Akahesabu tena. Yule mwenye doa jeusi hakuwepo.

Angekimbia bwawani kutazama, lakini aliogopa atakachokiona. Angekwenda kumwambia Mjane Gunnild kweli, lakini aliogopa zaidi. Ndipo akakumbuka njia ya tatu, nayo ilikuwa sheria yenyewe.

Katika nchi ile, mtu akiibiwa alipaswa kupiga yowe. Na kila aliyelisikia alipaswa kuacha jembe, kuacha chungu jikoni, kushika chochote na kumkimbiza mwizi. Aliyebaki ameketi alitozwa faini. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwanza. Watu walikimbia, maswali yalifuata baadaye.

Aldith akavuta pumzi, akapaza sauti: "Mwizi! Mwizi! Kaiba kondoo! Kapita vichakani!"

Kijiji kizima kilimiminika. Walikuja na uma za kugeuzia majani, na miundu, na mmoja alikuja na mwiko wa uji. Mbele yao alikuwa Thurstan, baba yake Aldith, mwanamume mrefu mwenye maneno machache. Hawakwenda mbali. Kwenye ukingo wa vichaka walikutana uso kwa uso na Gamel, mchoma mkaa, mtu mpole aliyeishi peke yake msituni. Mabegani alikuwa amembeba kondoo mwenye doa jeusi.

"Nimemtoa kwenye tope!" alipiga kelele walipomwangusha. "Jamani, nilikuwa namrudisha!"

"Ndivyo wasemavyo wote," mtu mmoja alijibu. "Hajapata kuonekana mwizi wa kondoo asiyekuwa anamrudisha."

Thurstan alimgeukia binti yake. "Aldith, ni huyu uliyemwona?"

Aldith alificha vidole vyake vyekundu nyuma ya mgongo. Macho ya watu wote yalikuwa kwake. Neno moja tu lilihitajika, na lilitoka upesi kuliko alivyotaka.

"Ndiye."

Wakamfunga Gamel kamba, wakampeleka kwenye gereza la liwali mjini, asubiri majaji wa mfalme ambao walikuwa wanazunguka nchi jimbo kwa jimbo. Na kila mtu alijua mwizi aliyekamatwa na mali mkononi hupewa nini. Hupewa kamba ya shingoni.

Aldith alikosa raha. Alikula kidogo na kunyamaza sana, mpaka mama yake akamshika paji la uso kutazama kama ana homa. Lakini siku moja, akimsaidia Mjane Gunnild kuchambua sufu, alisikia jambo lililompa nafuu.

"Chuma kitasema," alisema mjane. "Nilipokuwa msichana nilikiona kwa macho yangu. Padri alikibariki, kikachomwa motoni mpaka kikawa chekundu, mshtakiwa akakishika na kutembea nacho. Mkono ukafungwa kitambaa. Siku ya tatu wakaufungua. Kidonda kikiwa safi, Mungu amesema hana hatia. Kikiwa na usaha, basi."

"Na chuma hakikosei, bibi?"

"Chuma hakina jirani wala adui. Kikosee kwa nini?"

Toka hapo Aldith alilala usingizi. Gamel hakuiba, kwa hiyo mkono wake utapona, na ataachiwa, na hakuna atakayehitaji kumuuliza Aldith neno. Aliona mambo yamejipanga vizuri kabisa. Mungu atasahihisha, naye atanyamaza. Maskini, hakujua kwamba dunia ilikuwa imegeuka akiwa bado mdogo.

Jioni moja baba yake alirudi kutoka kikaoni, akaketi mbele ya bakuli la njegere asiliguse.

"Nimeteuliwa," alisema. "Mimi na wenzangu kumi na mmoja wa vijiji hivi. Kesho kutwa tutasimama mbele ya majaji kwa kesi ya Gamel."

"Kusimamia chuma?" Aldith aliuliza.

"Chuma gani? Hakuna chuma tena. Baba Mtakatifu huko Roma amewakataza mapadri kukibariki, na mfalme amewaambia majaji wake watafute njia nyingine."

"Mfalme mwenyewe si mvulana tu?" mama yake alidakia.

"Mvulana, lakini ana washauri wenye ndevu. Njia waliyoipata ni hii: majirani kumi na wawili waape, kisha waseme mbele ya watu kama mtu ameiba au hakuiba. Watakalosema ndilo hukumu."

Aldith aliuweka mkate chini. "Lakini baba, mtajuaje? Hamkuwepo."

"Tutajua kwa yule aliyekuwepo." Thurstan alimtazama kwa upole uliomchoma. "Wewe ulimwona. Nitaweka mkono wangu juu ya Injili, mwanangu, na nitaapa kwa neno lako. Ndiyo maana nitakwenda nawe."

Aldith alitaka kusema palepale. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga mbele ya kijiji kizima.

Ukumbi wa ngome ulijaa watu siku ya kesi. Majaji waliketi kwenye jukwaa, aliye katikati akiwa mzee mwenye kikohozi na macho makali. Gamel aliletwa. Alikuwa amekonda, na kamba ilikuwa imemchubua vifundo vya mikono.

"Mchoma mkaa," alisema jaji, "hatukulazimishi. Je, unakubali majirani hawa kumi na wawili waseme kuhusu wewe, liwe jema au baya?"

Gamel aliwatazama mmoja mmoja. "Mheshimiwa, ndio hawa hawa walionifukuza kwa uma za majani. Huyu wa mwisho alinipiga kwa mwiko."

Watu waliangua kicheko. Gamel hakucheka.

"Lakini sina majirani wengine," alisema. "Nawakubali."

Mmoja baada ya mwingine, wale kumi na wawili wakaanza kusogea mezani palipokuwa na Injili. Kila aliyeweka mkono aliapa kusema kweli, Mungu amsaidie. Zamu ya Thurstan ikafika. Aldith aliuona mkono ule mpana, uliomfundisha kukama maziwa na kufunga fundo, ukinyanyuka juu ya kitabu. Baba yake alikuwa hajawahi kuapa uongo maishani. Sasa alikuwa anakwenda kuapa, akimwamini yeye, na mtu angenyongwa.

"Baba, usiape!"

Mkono ukasimama hewani. Aldith alijipenyeza kati ya watu mpaka mbele.

"Sikumwona," alisema. "Sikumwona Gamel akiiba. Sikumwona mtu yeyote. Nilikuwa msituni nakula stroberi. Niliporudi kondoo hayupo, nikaogopa, nikapiga yowe."

Ukumbi ukavuma wote kwa pamoja. Jaji aligonga meza.

"Binti, unajua kwamba yowe la uongo ni kosa mbele ya mfalme?"

"Najua, mheshimiwa."

"Na mtu huyu amefungwa majuma mawili. Mbona ulinyamaza mpaka leo?"

Aldith alijibu kwa sauti ndogo, "Nilidhani chuma kitasema."

Baadhi ya watu walicheka. Jaji hakucheka hata kidogo. Alikohoa, akawageukia wale kumi na wawili.

"Mmesikia. Sasa fanyeni kazi mliyoitiwa. Ulizeni."

Thurstan uso ulikuwa umempauka, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Gamel, siku ile ulikuwa unaelekea wapi?"

"Thornwick. Ningeelekea wapi kwingine? Nilimsikia kondoo analia bwawani, nikaingia, nikamtoa. Mliponikamata nilikuwa nakuja kwenu."

"Ni kweli," alisema polepole yule mtu wa mwiko. "Tulikutana naye uso kwa uso. Hatukumfukuza kwa nyuma, alikuwa anakuja kwetu. Mwizi gani huiba, kisha akapeleka mali kwa mwenyewe?"

"Na tope?" aliuliza mwingine. "Si alikuwa na tope mpaka kifuani?"

Mjane Gunnild alishindwa kujizuia. "Kondoo wangu pia! Nilishinda kutwa namwosha, nikijiuliza huyu mwizi kampitisha wapi. Sisi nasi, jamani! Tulikuwa na macho, tukayaazima kwa mtoto!"

Wale kumi na wawili walijitenga pembeni. Hawakukawia. Wote wakaweka mikono juu ya Injili na kuapa, na Thurstan akasema kwa niaba yao: "Hakuiba. Alikuwa anamrudisha."

"Aende huru," alisema jaji. Kisha akaongeza, "Thurstan wa Thornwick, utalipa faini kwa yowe la binti yako. Lakini nasema hivi mbele ya watu wote: aliyeizuia mahakama hii isimnyonge mtu asiye na hatia ni yeye huyo huyo. Kuachwa bila chuma kulitutia hofu hata sisi majaji. Leo nimeona kwamba tunaweza kuendelea bila hicho chuma, ilimradi watu waseme kweli."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na Thurstan alimpeleka binti yake moja kwa moja msituni, mbele ya tanuri la Gamel. Kuni zote zilikuwa zimegeuka majivu, maana mwenyewe alipokamatwa hapakuwa na mtu wa kuulinda moto. Gamel alikuwa ameshawasili, anachokoa majivu kwa koleo.

Aldith alikwenda kusimama mbele yake. "Nisamehe, mjomba. Nilikuumiza, nikanyamaza. Nitakata matawi, nitabeba udongo, mpaka tanuri lako lisimame tena."

Gamel aliendelea kuchokoa majivu. "Nimekasirika, binti, nisikufiche. Gerezani panya walinila soli za viatu."

"Basi kwa nini ulikubali majirani wakuhukumu, na sisi ndio tuliokukamata?"

"Nilijua yuko mmoja anayeijua kweli. Nililokuwa silijui ni kama angethubutu kuisema." Akamnyooshea koleo. "Umethubutu. Anza na upande ule."

Thurstan aliweka mkono begani kwa binti yake, mkono ule ule ambao binti huyo aliuzuia usiape.

"Sikiliza, Aldith. Miaka yote tulikibebesha chuma kazi ya kusema kweli, kwa sababu sisi wenyewe tuliiogopa. Sasa mfalme ameturudishia kazi hiyo. Majaji wakija tena, mbele yao hakutakuwa na moto wala muujiza, ila mimi, na jirani yangu, na siku moja watoto wako. Sheria haioni bwawani wala msituni. Inaona kile tunachoiambia, na tukiidanganya, inamwua mtu kwa mikono yetu. Kusema kweli kabla ya kuulizwa ni vigumu, lakini ni rahisi kuliko ulivyofanya leo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Vizuri. Mimi nitachunga kondoo kesho. Wewe una tanuri la kujenga."

Aldith akavua viatu, akakunja mikono ya gauni lake, akaanza kuzoa majivu.