Kikombe cha Kwanza cha Bibi

Katika nyumba ya jirani zangu, ndoo ikitoka kisimani, kikombe cha kwanza kilikuwa cha bibi. Mkamwana wake alimpelekea kila asubuhi, pale kwenye kigoda mlangoni. Bibi alikunywa, akafuta mdomo, akamtania kwamba maji yana baridi kuliko salamu zake. Kilichobaki alimwachia mjukuu wake wa kike, aliyemwita kwa utani mke mwenzangu.

Mwana wa bibi alikuwa mkulima wa mboga. Msafi huyo, acha tu. Akimaliza kupulizia dawa ya wadudu, hakurudi nyumbani na bomba la dawa mgongoni. Alipitia kisimani kwanza, akalisuuza, akamwaga yale maji pembeni, akanawa. Alisema sumu haitavuka kizingiti chake. Maskini, alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Msimu uliopita bibi alianza kutokwa na jasho na mate. Tumbo likamsokota, nguvu zikamwisha. Tukasema ni uzee. Tukamzika, na jamani, tulilia. Hakuna aliyeuliza bibi alikuwa akinywa nini.

Mvua zilipoanza tena, mjukuu naye akashikwa vilevile. Baba yake alimbeba mbio hadi hospitali. Daktari akamtazama macho, akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Alianza kumtibu palepale, huku akiuliza wanachota maji wapi. Kesho yake akaja mpimaji wa maji.

Alikuwa mama wa makamo, asiye na maneno mengi. Alitoa vikaratasi vya kupimia. Kimoja alikidondoshea maji safi aliyokuja nayo. Tulingoja kidogo, kikawa buluu. Cha pili alikidondoshea maji ya kisima. Tukangoja, tukangoja. Kikabaki cheupe.

Mkulima akashusha pumzi. "Cheupe. Mungu mkubwa, maji yetu ni safi."

"Hapana, baba," mpimaji akasema taratibu. "Cheupe ndiyo hatari."

Alitueleza kwamba hicho ni kipimo hai. Ndani ya karatasi kuna kitu kidogo kilichotolewa kwenye kiumbe hai, kinaitwa kimeng'enya. Kikiwa kizima, kinafanya kazi yake na karatasi inageuka buluu. Dawa ya wadudu ikikigusa, inakizima, na rangi haitokei.

"Hata sisi tunacho mwilini," alisema. "Kikizimwa, mwili unapotea njia. Jasho, mate, tumbo, pumzi. Wazee na watoto ndio huanguka kwanza. Sumu hii huenda usiione wala kuinusa, na kuchemsha maji si dawa yake."

Mkulima alitazama pale pembeni alipozoea kumwaga.

"Na mama yangu?"

"Sijui, baba. Hilo siwezi kulipima."

Mkulima alikaa chini kwenye tope, akalia mbele yetu sote. Mkewe alisimama kando akirudia neno moja tu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea kikombe. Tulimshika mkono.

Kisima kilifungwa siku hiyohiyo. Mpimaji alichukua maji mengine kwenda maabara, kwa kuwa kikaratasi hakitambui kila sumu. Mkulima akafundishwa kusuuza bomba shambani, mbali na maji, na kuyapulizia maji ya kusuuzia juu ya mazao yaleyale. Akafundishwa pia kutochuma mboga kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kwisha. Siku hizi mboga zake nazo zinapimwa kwa kikaratasi kabla ya kwenda sokoni.

Mtoto alipona. Kisima kipya kikachimbwa upande wa juu, mbali na bustani. Hakuna aliyeonja maji yake mpaka mpimaji alipokuja. Kikaratasi kilipogeuka buluu, hatukushangilia. Mkulima alikitazama tu, machozi yakimlengalenga. Majibu ya maabara nayo yakaja mazuri.

Asubuhi iliyofuata mkamwana aliteka kikombe cha kwanza. Miguu ikampeleka yenyewe hadi mlangoni, kwenye kigoda. Akasimama pale na kikombe mkononi, hajui afanye nini.

Mtoto akamfuata, akakaa juu ya kigoda cha bibi yake, akanyoosha mikono.

"Nipe mimi, mama," alisema. "Mke mwenzangu hayupo."

Mama akampa, na mtoto akanywa chote.