Majuala ya Buluu Shimoni

Haya nilisimuliwa na Tabitha, mama yake Kakenya, mwaka wa elfu mbili na nne, tukichambua mboga za managu nyuma ya nyumba yake huko Kitengela.

Jentrix, mtoto wa darasa la sita, alikuwa amehamia mtaa huo na wazazi wake kutoka Bungoma. Kila jioni, akishaosha vyombo, alimwaga taka. Kwao Bungoma taka zilifungwa kwa jani la mgomba, zikatupwa shambani, na mvua ikija zote zinakuwa udongo. Kitengela migomba haikuwapo. Basi akazifunga kwa juala la plastiki na kuzitupa shimoni nyuma ya ploti, akijua mvua itamaliza kazi.

Siku moja Mwalimu Odero aliandika ubaoni neno la Kiingereza, decompose.

"Kitu kikioza mpaka kikarudi kuwa udongo, tunatumia neno hili," alieleza. "Kesho kila mtu aje na sentensi yake."

Wakirudi nyumbani, Jentrix alimsomea Kakenya, rafiki yake, sentensi aliyotunga: "All rubbish decomposes." Yaani taka zote huoza.

Kakenya akacheka. "Hata juala?"

"Hata juala. Kwetu kila kitu huoza."

"Wacha zako! Twende tuchimbe tuone."

Walichimbua shimo kwa kijiti. Maganda ya viazi yalikuwa yamegeuka udongo mweusi. Juala la buluu likatoka zima, linang'aa kama la jana.

"Bado kidogo litaoza," Jentrix alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Kakenya hakucheka tena. "Jana Baba alichinja mbuzi wetu aliyekataa majani. Tumboni alikuwa na fundo la majuala kama haya. Amesema wengine hawatoki bomani mpaka ajue yametoka wapi."

Kutoka pale waliwasikia mbuzi wakilia njaa.

"Mimi sitasema," Kakenya akanong'ona. "Tufukie tu."

Jentrix alitamani kufukia. Badala yake alilibeba lile juala hadi kwa Mzee Lemein, babake Kakenya. Akainamisha kichwa kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wakubwa, mzee akamgusa utosini.

"Baba, majuala yale ni yangu. Nilidhani yataoza."

Mzee Lemein alilivuta juala huku na huku. Halikukatika. "Nakerai, mwanangu, nilikuwa nimekasirikia mtaa mzima, na wewe umekuja kwa miguu yako mwenyewe. Sasa sikia. Mbuzi hafuati juala, anafuata harufu ya maganda yaliyo ndani. Kinachooza mpe udongo. Kisichooza usikifiche humo, maana udongo hautakimeza, atakimeza mbuzi wa jirani. Na ukikosa, sema mapema kama leo, kabla wengine hawajafa."

Jioni hiyo walizungushia shimo matawi ya miiba. Majuala wakayatia guniani, yangoje lori la taka. Mbuzi wakafunguliwa, wakatoka mbio wakigongana mlangoni.

Jentrix akafuta sentensi yake, akaandika: "Peelings decompose, but plastic bags do not." Maganda huoza, majuala hayaozi.

Kitandani bado alikuwa na maswali. "Mama, mfupa huoza?"

"Huoza, polepole."

"Na kandambili?"

"Hizo hapana. Lala, mwanangu."

"Na kifungo cha shati?"

Usingizi ulikuwa umeshamchukua Mama. Jentrix akaamua kwamba kesho atakizika kimoja aone, na kabla hajachagua ni kipi, naye akalala.