Aliyeegemezwa kwenye Jeneza

Jirani yetu Florentine anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Baraka. Ana ulimi mkali na hapendi hadithi za wachawi, kwa hiyo alipotueleza haya hakuna aliyethubutu kumcheka.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote ya msiba. Mama Nadège, mama mkwe wa mdogo wake, Rosette, alikuwa amefariki. Jeneza liliwekwa uani chini ya turubai, wanaume wakaenda mlimani kuchimba kaburi, wanawake wakabaki kulia na kupika. Kwa desturi ya ukoo ule, mkamwana hukaa upande wa kichwa cha jeneza akifukuza inzi, na hali kitu mpaka maiti izikwe. Rosette alikuwa na mimba changa. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni, na jua la mchana lilikuwa limelipasha lile turubai mpaka watu wanatweta.

Florentine alimwona akipiga miayo mfululizo. Kisha uso ukapauka, jasho likamtoka, macho yakakodoka. Kabla hajamfikia, Rosette alianguka.

Vilio vikakatika. Shangazi Alida, mkubwa wa ukoo wa mume, akawa wa kwanza kumshika.

"Musimulaze," alinong'ona. "Muntu akianguka ku kilio na akilala chini, anafuata maiti. Mumukalishe."

Wakamketisha na kumwegemeza kwenye jeneza, kichwa kikining'inia, wote wamemzingira hata upepo haupiti. Mmoja akaleta kikombe cha maji amnyweshe. Florentine akakisukuma kando. Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza aliyowahi kuhudhuria alielezwa kwamba aliyezimia damu imempungua kichwani. Ukimketisha, unamnyima hata ile iliyobaki. Ukimpa maji akiwa hana fahamu, yanampalia.

"Shangazi, mumuache alale. Damu haifike ku kichwa. Na iko na mimba."

"We unataka akufe?"

Alida hakumtazama hata kidogo. Aliinama, akaweka midomo kwenye ubao wa jeneza, akasema polepole: "Mama Nadège, tunajua uko naye. Tunakuomba. Umulete we mwenyewe."

Akabisha kwa kidole. Florentine anaapa mpaka leo kwamba ndani kulijibiwa.

Alitaka kukimbia, na anakiri hivyo bila aibu. Lakini midomo ya Rosette ilikuwa imegeuka kijivu. Pumzi ilikuwepo, ndogo sana. Akamkwapua mikononi mwa wakwe. Akamlaza chali mkekani. Akalegeza kitenge kilichombana kifuani. Akavuta kiti, akamshika visigino ili ainue miguu yake.

Miguu haikuinuka.

Florentine hubeba magunia ya ndagala kila siku. Akajaribu tena. Kuna kitu kilivuta upande wa pili. Akatazama. Hapakuwa na mtu. Nyayo za mdogo wake zilikuwa baridi, na katikati ya vidole mlijaa udongo mwekundu, mbichi. Uani pale kuna mchanga mweupe wa ziwa tu.

"Bamama, musogee, apate hewa," alisema, kisha akamwinamia mdogo wake. "Rosette. Ni mi, yaya yako. Rudi."

Miguu ikawa myepesi ghafla. Akaiweka juu ya kiti. Alisubiri. Rangi ikarudi usoni kidogo kidogo, kope zikacheza, Rosette akafumbua macho.

"Usiamuke," Florentine alimwambia. "Baki vile kwanza."

"Yaya, kule kuko baridi," Rosette alinong'ona. "Alinishika mukono. Tulipanda naye."

"Na nani?"

Rosette aligeuza uso kulitazama jeneza.

Fahamu zilipomrudia sawasawa, alipewa chai ya sukari. Florentine hakuridhika, kwa sababu mwenye mimba akizimia haachwi hivi hivi. Akampakia kwenye pikipiki ya kukodi, akamshikilia njia nzima mpaka kituo cha afya. Muuguzi akampima, akasema ni njaa na joto, mimba iko salama. Florentine alilia kwa faraja. Akamwacha mdogo wake amelala usingizi mzito peke yake chumbani, akawahi mazishi, wakwe wasije wakasema familia yao imesusa.

Alipofika mlimani jeneza lilikuwa bado chini, kando ya shimo. Willy, mchimba kaburi, alisimama ameshika koleo, hataki mtu asogee.

"Mi njo nilitoka wa mwisho," alinong'ona. "Nililinganisha chini bien, hakubakia hata alama ya muguu."

Florentine akachungulia. Chini ya kaburi, udongo mwekundu ulikuwa umekanyagwa kwa miguu mitupu ya watu wawili. Kwenye ukuta wa shimo alama za vidole vya miguu zilipanda mpaka juu. Za wote wawili. Zilipofika majanini, zikashika sambamba njia ya kushuka mjini. Shangazi Alida alikuwa ameziona pia, maana alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Hakuna aliyetaka jeneza lifunguliwe.

Florentine aliacha mazishi na kukimbia. Alirudi moja kwa moja kituo cha afya.

Alimkuta Rosette bado amelala, anapumua vizuri, mkono juu ya tumbo. Kitanda cha pili, karibu kabisa na chake, hakikuwa na mgonjwa. Lakini shuka lake lilikuwa limekunjamana, bado na baridi, na upande wa miguu lilikuwa na udongo mwekundu.