Sura Ishirini za Mheshimiwa

Droo ilikuwa imefungwa, kitasa kizima, na ndani yake hamna kitu. Kitabu cha maisha ya Mheshimiwa Mohamedtaki, kurasa mia tatu na kumi na mbili, kilikuwa kimeibwa. Inspekta Kuria wa polisi wa Toronto alisimama kwa soksi juu ya zulia la mwenye mali, akisikiliza hotuba.

"Nilipoingia Bunge la Jimbo mara ya kwanza..."

"Mheshimiwa, nimeuliza mara ya mwisho ulikiona lini."

"Nafika huko, Bwana Inspekta."

Hakufika upesi. Kuria alirudishwa Tanga, utotoni mwa mzee, akatembezwa kwenye kiwanda cha sambusa za kugandishwa, akazungushwa chaguzi nne za ubunge, ndipo akaambiwa: Jumapili jioni. Mezani kwake kulikuwa na kesi mbili za mauaji. Lakini mjini humu mtu yeyote anayejua Kiswahili akipoteza hata kijiko, mkuu wake humtuma yeye. Kuria alikuwa amechoka na jambo hilo kuliko alivyochoka na baridi.

"Nakala iko wapi?"

"Hakuna. Niliandika kwenye daftari, karani wangu Gelasius akapiga chapa kwa mashine. Kompyuta zina macho. Wapinzani wangu..."

"Ulistaafu miaka tisa iliyopita."

"Wapinzani hawastaafu!"

"Na daftari?"

"Zilikuwa kwenye droo hiyo hiyo."

Kuria alivuta pumzi, akahesabu hadi tano. "Funguo ngapi?"

"Mbili. Mmoja mfukoni mwa koti langu, mwingine anao Gelasius. Unangoja nini? Mshtaki!"

Mke wa Mheshimiwa, Bi Razia, aliingia na chai ya tatu. Kuria alifuta kalamu iliyovuja kwa kadi kuukuu ya mwaliko, akataka kuitupa kwenye pipa. Mama alimdaka mkono.

"Usitupe, baba! Ina Bismillahi. Nipe, nitaipeleka msikitini Thornhill. Kuna sanduku la karatasi zenye jina la Mungu, huzikwa kwa heshima."

"Samahani, mama."

"Si neno. Kunywa chai."

Gelasius alikuja kituoni kutoka mji wa jirani wa Pickering, amevaa suti. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, na Ijumaa alitakiwa kula kiapo cha uraia baada ya miaka kumi na moja ya kungoja. Shtaka la wizi lingekisimamisha kiapo hicho, na wote wawili walilijua hilo.

"Ulichukua kitabu?"

"Hapana, afande."

"Unajua aliyechukua?"

Gelasius alinyoosha mikunjo ya suti yake.

"Gelasius, leo Jumatano. Mheshimiwa amenipigia simu mara saba anataka ushtakiwe. Una ufunguo. Huna shahidi. Nisaidie basi!"

"Sikuchukua, afande."

"Hilo nimelisikia!"

Kuria alipiga meza kwa kiganja. Mtu anazama, anatupiwa kamba, anaitazama tu. Alimwacha aende, akampigia Mheshimiwa.

"Ukurasa wa kwanza uliandikwa nini? Kwa kifupi, tafadhali."

"Bismillahi, bila shaka. Kila sura imeanza kwa Bismillahi. Sura ishirini. Mtu wa dini haanzi jambo..."

Kuria alikuwa ameshakata simu. Mwizi wa kawaida angetia karatasi zile kwenye pipa la taka, na lori lingezibeba Jumatatu. Aliyeziogopa angezipeleka mahali pamoja tu.

Msikitini Thornhill, sanduku lilikuwa karibu na rafu za viatu. Mhudumu alilifungua. Chini ya kalenda na kadi za harusi palikuwa na bahasha nzito iliyofungwa kwa kanga, na ndani yake sura zote ishirini pamoja na daftari.

Kuria aliiweka bahasha mezani kwa Mheshimiwa. Mzee aliikumbatia.

"Gelasius yuko ndani?"

"Bado," Kuria alisema, kwa sauti ya kufika jikoni. "Nimeandaa karatasi za kumshtaki. Kesho asubuhi napeleka."

Sinia liligonga meza. "Kumshtaki nani?" Bi Razia aliuliza. "Gelasius? Mume wangu, uliniambia umekipoteza mwenyewe, Inspekta anakusaidia kutafuta tu!"

"Sikutaka kukusumbua, Mama Aleem."

"Chana karatasi zako, Inspekta. Nilichukua mimi."

"Ufunguo?"

"Koti lake nani analitundika? Miaka arobaini nalitundika mimi."

"Kwa nini, mama?"

Bi Razia alimgeukia mumewe kwa hasira iliyokaa siku nyingi. "Sambusa za kwanza nilizikunja mimi, kwenye fleti, mwanetu Aleem mgongoni. Uchaguzi wa kwanza ulilala na homa, nikabisha hodi kwenye theluji wiki tatu. Hotuba yako ya kwanza bungeni niliandika mimi, ukaisoma. Nimesoma kitabu chote. Sura ishirini, umejitengeneza mwenyewe. Nilitaka kukichoma, nikaliogopa jina la Mungu. La kwangu halimo."

"Lakini nimekushukuru! Ukurasa wa mwisho!"

"Umeandika 'familia yangu kwa uvumilivu wao.' Mstari wa juu yake umemshukuru daktari wa meno. Kwa jina."

Mheshimiwa alianza kufungua kanga ya bahasha.

"Utamshtaki mkeo?" Kuria aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa, akaketi, akaanza kuzifunua kurasa polepole, akitafuta.

Garini, Kuria alimpigia Gelasius. "Ijumaa nenda ukale kiapo. Mama amesema mwenyewe."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi. "Nashukuru, afande. Nilimwona akitoka na ile bahasha."

"Ulimwona!" Kuria karibu aitupe simu. "Miaka kumi na moja unangoja uraia, ukakaa kimya mbele yangu? Kwa nini, bwana?"

"Afande, kile kitabu nilikipiga chapa mimi. Nilikisoma chote."