Mrija Mtupu Uliojibu

Jumamosi asubuhi mrija mtupu ulijibu.

Mahrokh alidhani amekosea mrija. Akauchomoa kwenye tundu la sumaku, akauinua dirishani. Kioo kitupu, hakina hata vumbi. Akaurudisha, akabonyeza tena, na mstari kwenye kompyuta ukashuka polepole, kwa raha zake, kama mtu anayeteremka ngazi hana haraka.

Alikuwa na miaka kumi na moja katika maabara ya kiwanda kile cha matairi pale mjini Yazd, na kazi yake ilikuwa ile ile. Mpira uliochanganywa na masizi unatiwa ndani ya sumaku, unapigwa pigo fupi la mawimbi ya redio, kisha mashine inasikiliza chembe za ndani yake zinavyotulia. Zilizogandamana na masizi hunyamaza papo hapo. Zilizo huru huendelea kunung'unika. Kwa njia hiyo Mahrokh alijua kama masizi yameushika mpira sawasawa, au kama tairi litapasuka barabarani na familia nzima imo garini. Mpira mzuri hutulia kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mrija mtupu hausemi lolote. Huu ulinung'unika kwa sehemu thelathini na saba.

"Bi Mahrokh, umeshika mrija kwa mikono yenye mafuta ya kebabu?" Mhandisi Kiyanush, aliyefanya naye kazi chumba kimoja, alichungulia begani kwake. "Thelathini na saba si mpira. Hiyo ni nyama."

Mahrokh alicheka kwa adabu tu. Chumba kilikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Na nje, uani, ndani ya tundu la mfereji wa maji machafu, kitoto kilikuwa kinalia.

"Paka," alisema Kiyanush, akafunga dirisha.

Jioni ile binti yake Delaram, wa miaka sita, aliegemeza mkono kwenye samova, birika kubwa la chai, iliyokuwa ikichemka. Hakuutoa. Mahrokh aliuvuta mwenyewe, na ngozi ilikuwa imeshaanza kufura malengelenge.

"Mama, kwani umeungua? Mbona umeshtuka?" mtoto aliuliza.

Daktari alisema mishipa ya fahamu ni mizima, warudi baada ya wiki mbili. Jumapili ganzi ilifika kwenye kiwiko. Jumatatu ikaanza mkono wa pili. Mahrokh hakulia. Woga ulimjaa mpaka ukaziba kila kitu, akabaki anapika, anafua, anamfunga mtoto bendeji, kama vile anamfanyia mtu mwingine.

Jumanne shule ya chekechea ikamkataa Delaram, maana alikuwa amejikata na mkasi asijue, damu ikajaa kwenye madaftari ya wenzake. Mahrokh akaenda naye kazini. Tundu la sumaku lilikuwa la upana wa kidole cha mtoto. Nyama hai ingejibu thelathini na saba, kama alivyosema Kiyanush. Alijua anachotaka kukiona, na alijua hataki kukiona.

"Tia kidole hapa, mama. Haiumi."

"Hakuna kinachoniuma," alisema Delaram, akatia.

Mstari ulianguka papo hapo. Sehemu moja ya elfu. Kidole kilijibu kama mpira uliojaa masizi, na mrija mtupu, ulipotiwa baada yake, ukajibu thelathini na saba.

Kiyanush safari hii hakutania. Alifunga mlango, akanong'ona. "Mpeleke kwa yule bwana, Aga Seyyed Morteza, fundi wa hita. Nyuma ya duka huwa anaandika dua. Lakini tafadhali, usiseme mimi ndiye niliyekutuma. Mimi ni mhandisi."

Aga Seyyed alifuta mikono mafuta, akachukua sindano, akachoma kidole cha Delaram. Mtoto aliendelea kuzihesabu hita.

"Umemwaga maji ya moto bila kutaja bismillahi?"

"Hapana, Aga. Mama yangu alinifundisha. Hata maji ya wali simwagi kimya kimya. Nawaonya kwanza wale walio bora kuliko sisi, waondoe watoto wao."

"Basi umemwaga nini?"

Hapo ndipo Mahrokh alipokumbuka. Mpira haukatiki vizuri mpaka ugandishwe, naye huugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika. Inayobaki huachwa ifuke yenyewe. Lakini Alhamisi alichelewa kumchukua mtoto, akaibeba chupa uani na kuimimina yote kwenye tundu la mfereji, moshi mweupe ukapanda hadi magotini, naye akasimama pale akitazama saa. Bismillahi hakuitaja. Nani hutaja bismillahi kwa kitu cha baridi?

"Baridi kiasi gani?" aliuliza Aga Seyyed.

"Ukitia kidole, kinakufa."

Mzee aliiweka sindano mezani. "Kulikuwa na mtoto wa jini pale chini, bibi. Mama yake anachukua hisia za wako ampe wake, mkono kwa mkono. Mimi siwezi kumfukuza. Aliyedhulumiwa hafukuzwi, huombwa radhi."

"Akikataa?"

"Mpe kingine. Lakini atakayechagua ni yeye."

Jumatano adhuhuri, wafanyakazi walipokuwa chakulani, Mahrokh alichuchumaa kwenye tundu la mfereji na bakuli la maziwa na kipande cha sukari mawe, jua limesimama utosini na bado pumzi yake ikitoka nyeupe, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda, na kilio cha kitoto kikapanda nyuma yake, kikakatika ghafla kama kilichozibwa kwa kiganja, na ukingo wa chuma ukaanza kufanya barafu, na juu ya barafu zikatokea alama za vidole, vinne vya mkubwa na vitatu vya mdogo, vile vingine havikuwapo, na hapo sauti ikasema kwa sauti yake yeye mwenyewe Mahrokh, ya uchovu, ya mama anayeuguza:

"Mwanangu hahisi kitu."

"Nisamehe," alinong'ona Mahrokh. "Sikujua. Mwachilie wangu. Chukua changu, kile ninachohisi."

"Chote?"

"Chote."

Barafu iliyeyuka. Maziwa yalikuwa yamekwisha bakulini.

Jioni Delaram alishika gilasi ya chai, akapiga kelele, akaiangusha. "Inaunguza! Mama, inaunguza!" Alilia kwa uchungu wa siku nne zote kwa pamoja. Mahrokh alimpaka dawa. Alijua kwamba hii ni habari njema, jinsi mtu anavyojua kuwa leo ni Jumatano.

Jumamosi mrija mtupu ulinyamaza. Kiyanush akamshukuru Mungu, akamletea biskuti. Mahrokh alizila, akasema ni tamu. Kidole chake mwenyewe hakukitia kwenye sumaku.

Ijumaa iliyofuata Delaram alitoa sindano kwenye kopo la nyuzi. Alitaka kucheza mchezo wa Aga Seyyed. Akakishika kidole cha mama yake, akachoma, na tone la damu likatokea.

"Unahisi, mama?"

"Nahisi, mwanangu."

"Uongo! Hukushtuka!" Mtoto alicheka, akamrukia, akamkumbatia kwa nguvu. Mahrokh aliiona mikono ile shingoni mwake, ya joto bila shaka. Akakumbuka kwamba hapa mama hucheka, akacheka.